Hunayn ibn Ishaq, Mfasiri wa Baghdad

Kila siku twashika kalamu na karatasi, wala hatujiulizi maneno hayo yametoka wapi. Tukiulizwa, wengi wetu tutajibu kwamba ni maneno ya Kiarabu, nasi tutakuwa tumesema kweli, lakini si kweli yote. Waarabu nao waliyapokea. Kabla yao Wayunani waliuita unyasi wa kuandikia kalamos, na ukurasa wa mafunjo waliuita khartes. Vivyo hivyo neno kanuni kwao lilikuwa kanon, yaani ufito wa kupimia. Na falsafa ilikuwa philosophia, yaani kupenda hekima. Maneno hayo yalikwenda kutoka taifa hata taifa, mpaka yakafika pwani yetu, yakapanda bara.

Lakini neno halina miguu. Huchukuliwa na watu, na hekima pia huchukuliwa na watu. Leo nataka kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyeuchukua mzigo huo maisha yake yote. Si yeye aliyeleta maneno hayo manne, maana mengine yalitangulia kabla hajazaliwa. Lakini njia ile yaliyoipita, yeye aliikuta kama kijia cha porini, akaiacha ikiwa barabara pana. Jina lake ni Hunayn ibn Ishaq.

Alizaliwa mwaka 808 katika mji wa Hira, karibu na mto Frati, katika nchi iitwayo sasa Iraki. Baba yake alikuwa muuza dawa. Watu wa jamaa yake walikuwa Waarabu, tena Wakristo wa Kanisa la Mashariki, waliokuwa wamelishika neno la Kristo tangu zamani, kabla dini ya Uislamu haijatokea. Mtoto huyo alikua kati ya lugha mbili. Kiarabu kilikuwa lugha ya mji na ya serikali. Kisiria kilikuwa lugha ya ibada, nayo ni ndugu wa Kiaramu alichokisema Bwana wetu Yesu. Maneno yetu mawili, kanisa na kasisi, yana asili katika lugha hiyo ya Kisiria. Yalipita kwa Waarabu, ndipo yakatufikia sisi.

Yafaa tufahamu kwanza hali ya elimu ilivyokuwa siku zile. Wayunani wa kale walikuwa wameandika vitabu vingi vya utabibu. Wa kwanza katika sifa alikuwa Hippocrates, mtu wa kisiwa cha Kosi, ambacho Paulo alikipita katika safari yake. Baada yake kwa miaka zaidi ya 500 akatokea Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika Pergamo, mji ule tunaousoma katika Ufunuo. Galen alisoma Smirna, na Korintho, na Iskanderia ya Misri, kisha akawa tabibu wa Kaisari Marcus Aurelius huko Rumi. Aliandika vitabu vingi mno, naye aliandika Kiyunani.

Hata ufalme wa Rumi ulipodhoofika, watu wa magharibi wakaisahau lugha ya Kiyunani, na vitabu vile vikabaki kwa wachache. Wakristo wa Siria ndio walioanza kuvifasiri katika lugha yao. Sergius wa Reshaina, kasisi na tabibu aliyekufa mwaka 536, alikuwa amesoma Iskanderia, akafasiri vitabu vingi vya Galen katika Kisiria. Baadaye Waarabu wakaitwaa nchi yote, na mwaka 762 khalifa al-Mansur akaujenga mji wa Baghdad kando ya mto Hidekeli. Mji huo ulikuwa kama gulio la elimu ya dunia. Kutoka Bara Hindi ililetwa elimu ya nyota na ya hesabu. Kutoka Uajemi walikuja matabibu na makarani. Kutoka Uchina ulikuwa umefika ufundi wa kutengeneza karatasi. Makhalifa na matajiri wao walitaka kusoma hekima ya Wayunani, tena walikuwa tayari kutoa fedha. Waliokosekana ni watu wa kuwafasiria ipasavyo.

Hunayn alipokuwa kijana alikwenda Baghdad, akaingia katika chuo cha Yuhanna ibn Masawayh, tabibu mashuhuri, naye Mkristo vilevile. Kijana alikuwa na tabia moja iliyomchosha mwalimu wake: aliuliza sana. Kila kilichosomwa alitaka kujua maana yake na sababu yake. Siku moja Yuhanna alikasirika mbele ya wanafunzi wote. Akamwambia kwamba utabibu si kazi ya watu wa Hira, na kwamba heri aende akabadilishe fedha barabarani kama wenzake wa kwao. Akamfukuza. Hunayn akatoka akilia.

Wengi katika hali ile wangalirudi nyumbani kwa baba, wakauza dawa, wakamchukia mwalimu yule hata kufa. Hunayn hakufanya hivyo. Aliona wazi kwamba maswali yake hayakuweza kujibiwa na Yuhanna, kwa kuwa majibu yake yalikuwa ndani ya vitabu vya Kiyunani, na Yuhanna hakuvisoma katika lugha yake. Basi akatoweka Baghdad kwa muda wa miaka zaidi ya miwili, akaenda kujifunza Kiyunani. Mtu mmoja aliyemfahamu asimulia kwamba alikutana na kijana mwenye nywele ndefu zilizomfunika sehemu ya uso, akitembea huku na huku katika nyumba, akiyasema kwa moyo mashairi ya Homer katika Kiyunani. Sauti ile ikamkumbusha mwanafunzi aliyefukuzwa, naye kweli ndiye.

Aliporudi Baghdad alikuwa na umri wa miaka kama 17. Tabibu mkuu wa khalifa, Jibril ibn Bukhtishu, alimpa kitabu cha Galen juu ya aina za homa akifasiri. Jibril alipoiona kazi ile alistaajabu, akawa akimwita kijana huyo Rabban, yaani mwalimu wetu, ambalo ni ndugu wa neno Raboni katika Injili ya Yohana. Mzee akamheshimu mtoto! Kisha maandishi ya Hunayn yakamfikia Yuhanna mwenyewe pasipo kuambiwa ni ya nani. Akayasoma, akashangaa, akauliza ni nani awezaye kufasiri namna hii. Alipojua, aliomba wapatanishwe. Hunayn akakubali, na baadaye akamfasiria vitabu vingi. Kosa la mwalimu hakulilipa kwa kosa.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana hapo ndipo lilipo jambo kuu la maisha yake. Watu wengi hudhani mfasiri ni mtu ajuaye lugha mbili, basi. Hunayn alijua kwamba hiyo ni nusu tu. Vitabu vya siku zile viliandikwa kwa mkono, na kila mwandishi aliyenakili aliongeza makosa yake juu ya makosa ya mwenziwe. Mtu akifasiri kutoka nakala mbovu, hata akiwa na ujuzi mwingi, atafasiri ubovu. Kwa hiyo Hunayn alikuwa na desturi hii: alitafuta kwanza nakala nyingi za kitabu kimoja, akazilinganisha mstari kwa mstari, akapata maneno yaliyo sahihi, ndipo akaanza kufasiri.

Yeye mwenyewe ameacha ushuhuda wa jambo hilo katika waraka aliouandika juu ya vitabu vya Galen. Alipokuwa na umri wa miaka 20 hivi alifasiri kitabu juu ya madhehebu ya matabibu, naye alikuwa na nakala moja tu, tena yenye makosa mengi. Alipofika miaka kama 40, mpwa wake na mwanafunzi wake Hubaysh alimwomba kuisahihisha kazi ile. Wakati huo alikuwa amekwisha kukusanya nakala kadhaa za Kiyunani. Akazilinganisha zote, kisha akaitengeneza upya tafsiri yake ya ujana. Ndugu zangu, tulifikiri jambo hili. Mtu huyu alikuwa na sifa katika mji mkubwa kuliko miji yote ya nchi zile. Wala hapakuwa na mtu wa kumlaumu kwa kazi ya miaka 20 iliyopita. Lakini hakuona haya kuandika wazi kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa na kasoro, wala hakuiacha kasoro ile iendelee kudanganya watu.

Jambo la pili ni namna yake ya kufasiri. Waliomtangulia wengine walichukua neno moja la Kiyunani, wakatafuta neno moja la Kiarabu, wakaliweka mahali pake, kisha wakaendelea na la pili. Hunayn alisoma sentensi nzima, akaifahamu maana yake, ndipo akaitoa maana ile katika sentensi ya Kiarabu iliyo ya Kiarabu kweli. Tofauti yake twaijua sisi tufasirio mahubiri katika lugha za nyumbani. Mswahili akisema kwamba mtu amepiga moyo konde, mgeni akifasiri neno kwa neno, wasikiao watadhani mtu huyo amejipiga ngumi kifuani; kumbe amejipa ushujaa. Maneno yote yamefasiriwa, na maana imepotea.

Tena palikuwa na vitu visivyokuwa na jina katika Kiarabu. Katika kitabu chake cha makala kumi juu ya jicho, alichokiandika kidogo kidogo kwa muda wa miaka zaidi ya 30, Hunayn aeleza ngozi nyembamba za jicho. Ile ya nyuma Wayunani waliilinganisha na wavu, na ile ya mbele waliilinganisha na pembe; na majina ya Kiarabu katika kitabu hicho yatokana na wavu na pembe vilevile. Basi msomaji wa Baghdad aliweza kuona kwa akili yake kile alichokiona Myunani, bila kulazimika kumeza neno geni asilolijua.

Wala hakungoja vitabu vimfuate nyumbani. Kilikuwapo kitabu kikubwa cha Galen juu ya njia ya kuthibitisha jambo kwa hoja. Hunayn alikitafuta katika nchi ya mito miwili, na Shamu yote, na Palestina, na Misri hata akafika Iskanderia. Mwisho wa safari hizo zote alipata karibu nusu yake tu, huko Dameski, nayo ilikuwa imevurugika bila taratibu. Nusu ya kitabu kimoja, kwa miguu ya nchi nne! Kitabu kizima hakijapatikana hata leo.

Kazi hiyo hakuifanya peke yake. Mwanawe Ishaq, na mpwa wake Hubaysh, na wanafunzi wengine walifasiri pamoja naye. Mara nyingi yeye alitoa Kiyunani katika Kisiria kwa ajili ya matabibu Wakristo, na Hubaysh akatoa Kisiria katika Kiarabu kwa ajili ya Waislamu wenye kupenda elimu. Ndugu watatu walioitwa wana wa Musa, wenye hodari katika hesabu, walitoa, kama ilivyoandikwa, dinari 500 kila mwezi kwa ajili ya wafasiri. Tazama jinsi ilivyokuwa: maneno ya Myunani mwabudu sanamu yakafasiriwa na Mkristo, kwa fedha ya Mwislamu, juu ya karatasi ambayo ufundi wake ulitoka Uchina. Hapana taifa moja liwezalo kusema kwamba elimu ile ni yake peke yake. Katika waraka wake Hunayn alitaja vitabu 129 vya Galen, akaeleza kila kimoja kilifasiriwa na nani, na kwa ajili ya nani. Na sehemu kubwa ilikuwa imepita mikononi mwake mwenyewe.

Khalifa al-Mutawakkil, aliyetawala tangu 847 hata 861, alimweka Hunayn kuwa tabibu wake. Waandishi wa baadaye wasimulia kwamba kwanza alimshuku, akiogopa labda mtu huyu ajuaye Kiyunani ametumwa na Kaisari wa Rumi ya Mashariki. Basi akamjaribu. Alimpa zawadi nyingi, kisha akamwamuru amtengenezee sumu ya kumwua adui kwa siri. Hunayn alijibu kwamba amejifunza dawa ziponyazo tu, wala zile nyingine hazijui. Khalifa akamfunga gerezani. Alikaa humo muda wa mwaka mmoja, akiendelea kufasiri na kuandika. Kisha akatolewa, akawekewa mali upande mmoja na upanga upande wa pili, achague. Akasimama katika neno lake lile lile. Ndipo khalifa akatabasamu, akamwambia kwamba alikuwa akimjaribu, akamwuliza ni kitu gani kilichomzuia. Hunayn akataja mambo mawili: dini yake, imwamuruyo kuwatendea mema hata adui, sembuse rafiki, na kazi yake, iliyowekwa kwa faida ya wanadamu, ambayo wenye kuifanya huapa kutompa mtu dawa ya kuua.

Nataka wasomaji waone neno lililofichwa hapa. Amri ya kumpenda adui aliipata katika Injili. Lakini kile kiapo ni cha matabibu wa Kiyunani, kiitwacho kiapo cha Hippocrates, cha watu walioapa kwa miungu yao. Na Hunayn alikuwa amefasiri maelezo juu ya kiapo hicho hicho. Basi kitabu alichokifasiri kwa mkono hakikubaki mkononi. Kiliingia moyoni, na saa ya upanga kikasimama pamoja na imani yake.

Lakini taabu yake kubwa haikutoka kwa khalifa. Kuna maandiko yanayotajwa kuwa yake yasimuliayo jinsi matabibu wenziwe, wengine wakiwa Wakristo wa kanisa lake mwenyewe, walivyomwonea wivu, wakamtega, hata akapigwa na kufungwa, na vitu vyake vikachukuliwa. Tena katika waraka ule juu ya Galen aeleza kwa huzuni kwamba amepoteza vitabu vyote alivyovikusanya tangu ujana katika nchi zote alizopita, hata hana kimoja. Kwa hiyo ataandika kwa kukumbuka tu. Akakumbuka, akaandika orodha ile ndefu. Walioviondoa vitabu vyake hawakuweza kuviondoa vilivyokuwa ndani yake, wala vile alivyokwisha kuwapa wengine.

Hunayn alikufa Baghdad mwaka 873. Mwandishi al-Masudi ataja kwamba alifasiri pia Agano la Kale kutoka Kiyunani, nayo ilisifiwa sana. Lakini tafsiri hiyo imepotea. Mwanawe Ishaq aliendelea na kazi, akafasiri vitabu vya Aristotle, na kitabu kikuu cha hesabu cha Euclid.

Tena safari ya elimu haikukoma hapo. Katika karne ya 11 mtu wa Afrika ya Kaskazini, aitwaye Constantine Mwafrika, alivuka bahari mpaka Italia, akawa mtawa katika Monte Cassino. Huko alifasiri vitabu vya utabibu kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, na kimojawapo kilikuwa kitabu cha Hunayn juu ya jicho. Kitabu kingine cha Hunayn, cha maswali na majibu ya utabibu kwa wanafunzi, kilisomwa kwa Kilatini katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka, na mwandishi wake waliyemjua kwa jina la Johannitius. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya maswali yake aliwafundisha matabibu wa Ulaya kwa maswali! Tena Galen aliandika kitabu juu ya kupasua na kuchunguza viungo vya mwili, chenye sehemu 15. Sehemu za mwisho zilipotea kabisa katika Kiyunani. Zimebaki mpaka leo katika Kiarabu, kwa kazi ya chuo cha Hunayn. Myunani atakaye kusoma maneno ya Myunani huyo hana budi kuyatafuta kwa Waarabu.

Wasomaji wapendwa, na hasa ninyi walimu wa vijiji, kazi yetu si kubwa kama ile, lakini ni ya namna moja. Kila juma twalichukua neno lililoandikwa katika lugha moja, na kulipeleka kwa mama mzee asiyejua ila lugha ya mlimani kwake. Hana njia ya kutusahihisha. Atakachokipokea ni kile tutakachompa. Basi tusione haya kuuliza, ijapokuwa wakubwa wetu watachoka na maswali. Tulinganishe kitabu na kitabu kabla ya kusema. Tukumbuke kwamba kufikisha maneno bila maana si kufikisha kitu. Na kama miaka 20 iliyopita tulifundisha neno kwa kukosea, turudi kwa watu wale wale, tulitengeneze, maadamu tungali na pumzi na wao wangali wakitusikiliza.